Mashamba ya Kale ya Wamaya na Wanafunzi Wanaosoma Udongo

SOMO LA HISTORIA KWA MADARASA YA WATU WAZIMA
Maneno yafuatayo ndiyo yaliyosomwa katika redio. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena darasani au nyumbani.

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, tundika ramani ya dunia ukutani. Waonyeshe wanafunzi nchi za Meksiko, Guatemala, Belize, Honduras na El Salvador. Andika ubaoni maneno haya: akiolojia, kinamasi, mfereji, tuta, chavua, majivu.

Leo tutakwenda mbali, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mpaka Amerika ya Kati. Lakini msiogope ugeni, kwa maana huko tutakutana na vitu ambavyo huenda mlivila jana jioni: mahindi, maharage, muhogo, boga na pilipili.

Jina la mahindi laweza kumdanganya mtu, akadhani kwamba yametoka Bara Hindi. Hayakutoka huko. Mahindi yalianza kulimwa katika nchi iitwayo leo Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita, na wakulima waliyapata kwa kuchagua mbegu za jani la mwituni mwaka baada ya mwaka. Muhogo nao asili yake ni Amerika ya Kusini. Baada ya Columbus kufika Amerika mwaka 1492, mabaharia wa Ulaya, na hasa Wareno, walileta mbegu hizo Afrika. Basi mtu apaliliaye mahindi leo anaendeleza kazi iliyoanzishwa na wakulima wa Amerika ya kale. Katika wakulima hao wamo Wamaya, nao ndio habari yetu ya leo.

WAMAYA NI WATU GANI?

Wamaya ni wenyeji wa kusini mwa Meksiko, Guatemala, Belize, na sehemu za Honduras na El Salvador. Hawakwisha duniani, kama watu wengine wanavyodhani. Wako mpaka leo, ni mamilioni, nao husema lugha zipatazo 30 zilizo za ukoo mmoja. Wengi wao ni wakulima.

Zamani, kati ya mwaka 250 na mwaka 900 hivi, Wamaya walikuwa na miji mikubwa katikati ya misitu. Mmoja wa miji hiyo ni Tikal, ulio katika Guatemala. Hekalu kubwa la Tikal lina urefu wa zaidi ya meta 60, nalo lilijengwa kwa mawe na watu wasiokuwa na zana za chuma, wala wanyama wa kubeba mizigo. Wamaya walijua hesabu, walihesabu siku kwa kalenda iliyo sahihi sana, na walikuwa na maandishi yao wenyewe.

Sasa, ndugu wasikilizaji, jiulizeni swali ambalo mkulima yeyote angejiuliza mara moja. Wachonga mawe, wabeba mizigo, makuhani, waandishi na wafalme wote hao walikula nini? Nani aliwalisha, na kwa kilimo cha namna gani?

VITABU VILIVYOCHOMWA MOTO

Mngetazamia kwamba jibu litapatikana katika vitabu vya Wamaya. Lakini mwaka 1562, katika mji wa Maní, padre Mhispania aitwaye Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto, kwa kuwa aliviona kuwa ni kazi ya shetani. Vingine viliharibika kwa unyevu na kwa miaka mingi kupita. Katika vitabu vyote vya watu hao, vinavyojulikana leo ni vinne tu, navyo vinahusu zaidi kalenda, nyota na ibada.

Yako pia maandishi yaliyochongwa katika mawe, nayo yamesomwa kwa bidii kubwa. Lakini mawe hayo yanasema habari za wakubwa: mfalme fulani alizaliwa, akatawazwa, akapigana vita, akamteka adui yake. Yule aliyelima shamba la kumlisha mfalme huyo hatajwi kwa jina. Hakuandikiwa jiwe.

Kwa hiyo wataalamu wengi wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walijaza pengo hilo kwa kukisia. Waliwatazama Wamaya wa wakati wao, wakaona kwamba wengi walilima kwa kufyeka msitu wakati wa kiangazi, kuuchoma kabla ya mvua, na kupanda mahindi, maharage na maboga pamoja kwa kutumia mti uliochongwa ncha. Baada ya miaka michache shamba liliachwa lipumzike, na msitu mwingine ukafyekwa. Wataalamu wakasema: Wamaya wa kale nao walilima hivyo hivyo tu. Na kwa kuwa kilimo hicho kinahitaji ardhi kubwa, wakaendelea kusema: basi watu hawakuweza kuwa wengi. Na kwa kuwa watu hawakuwa wengi, ile miji haikuwa miji hasa, ila mahali pa ibada penye makuhani wachache, ambapo wakulima walikuja siku za sikukuu tu.

Angalieni hoja hiyo ilivyojengwa. Kila tofali limewekwa juu ya jingine, lakini la chini kabisa halikupimwa. Ni wachache tu waliokwenda kutazama mashamba yenyewe. Watu walichimba mahekalu na makaburi ya wafalme, kwa maana huko ndiko kulikokuwa na vitu vizuri vya kuonyesha.

WANAFUNZI WAINGIA MSITUNI

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1950 na 1960. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, cha Marekani, kilianza kazi kubwa ya kuchimba Tikal mwaka 1956. Pamoja na mahekalu, wapimaji walitembea msituni wakitafuta vilima vidogo ambavyo hapo kale vilikuwa misingi ya nyumba za watu wa kawaida. Mwaka 1961 ilitolewa ramani ya kilometa za mraba 16, na vilima vilivyokuwamo vilikuwa vingi mno. Ule mji ulioitwa mtupu ulijaa nyumba.

Mmojawapo wa wanafunzi waliofanya kazi huko alikuwa Dennis Puleston. Kazi yake haikuwa ya fahari. Alifuata njia nyembamba zilizofyekwa kutoka katikati ya mji kwenda mashambani, akihesabu misingi ya nyumba upande huu na upande huu. Aliona kwamba nyumba ziliendelea kilometa nyingi. Watu wengi hivyo wasingeweza kuishi kwa kufyeka na kuchoma peke yake, kwa sababu nafasi ya kupumzisha mashamba haikuwapo.

Puleston alijiuliza pia habari za mashimo yaliyochongwa katika mwamba karibu na nyumba, ambayo huitwa chultun. Je, yalikuwa ghala za mahindi? Badala ya kubishana, alifanya jaribio. Alitia vyakula mbalimbali ndani ya shimo la namna hiyo, akangoja. Mahindi yaliharibika upesi kwa unyevu. Lakini kokwa za mti mmoja wa msituni uitwao ramón zilikaa zaidi ya mwaka, nazo bado zilifaa kuliwa. Kwa hiyo akasema kwamba Wamaya wa Tikal walitegemea sana kokwa hizo. Wataalamu waliokuja baadaye hawakukubaliana naye kwa yote; wengi waliona kwamba ramón ilikuwa chakula cha kuongezea tu, na mahindi yalibaki kuwa chakula kikuu. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda. Mtu hutoa wazo pamoja na ushahidi wake, na wengine huupima.

Mwaka 1968, mtaalamu wa jiografia aitwaye Alfred Siemens alikuwa akiruka kwa ndege juu ya mto Candelaria, kusini mwa Meksiko. Katika vinamasi vya kando ya mto aliona mistari iliyonyooka, mifereji na matuta ya kale. Yeye na Puleston walitangaza habari hiyo mwaka 1972. Mwaka 1974 mwanajiografia kijana, B. L. Turner, alieleza habari za kuta nyingi za mawe zilizojengwa kukinga udongo katika miteremko ya vilima vya Río Bec. Basi yalionekana mambo mawili mapya. Wamaya walilima vinamasi, na Wamaya walilima milima kwa ngazi.

KILIMO CHA KINAMASI NA CHA NGAZI

Pengine baadhi yenu mnalijua tatizo la kinamasi. Udongo wake ni mweusi na una rutuba, lakini maji huozesha mizizi. Wamaya walichimba mifereji, na tope lililotoka waliliinua likawa tuta pana. Maji ya ziada yalikwenda mferejini, na tuta likabaki na unyevu wa kutosha hata kiangazi. Tope la mfereji lilizolewa tena na tena likawa mbolea.

Mlimani tatizo ni jingine. Mvua kubwa huuchukua udongo na kuuacha mwamba mtupu. Wamaya walijenga kuta fupi za mawe kukingama mteremko, ngazi baada ya ngazi. Udongo ulioteremka na maji ulinaswa nyuma ya ukuta, na maji yakapata muda wa kuzama ardhini.

Lakini lilitokea funzo moja la kukumbukwa. Mwaka 1981 watafiti walitangaza kwamba rada iliyochukuliwa na ndege imeonyesha mifereji kila mahali katika vinamasi vya Wamaya. Watu walipokwenda kwa miguu kutazama, mistari mingi haikuwa mifereji hata kidogo. Ardhi yenyewe ina nyufa na mikunjo yake. Kwa hiyo macho ya angani hayatoshi. Sharti mtu ashuke, aingie matopeni, achimbe.

JINSI WANAFUNZI WANAVYOFANYA KAZI

Tangu siku zile, wanafunzi wa vyuo vikuu wamekuwa wakienda Amerika ya Kati wakati wa kiangazi kujifunza akiolojia, yaani elimu ya mambo ya kale yanayopatikana ardhini. Katika mji wa kale wa Caracol, Belize, walimu Diane Chase na Arlen Chase walianza kazi mwaka 1985 pamoja na wanafunzi wao. Katika msitu wa Rio Bravo, pia katika Belize, Chuo Kikuu cha Texas kilianza mwaka 1992, na wanafunzi wengi wamejifunza huko.

Je, wanafanya nini? Kwanza hupima mraba kwa kamba na vigingi. Kisha huchimba polepole kwa mwiko wa mwashi, tabaka moja baada ya jingine. Udongo wote hupitishwa katika chekecheke, ili hata kipande kidogo cha chungu kisipotee. Ukuta wa shimo husafishwa na kuchorwa, kwa maana rangi za udongo husema mambo. Tope jeusi chini ya tope la kijivu laweza kuwa ndiyo sakafu ya mfereji wa kale.

Udongo mwingine hutiwa majini. Kila aliyeosha mchele anajua kwamba pumba huelea na mawe huzama. Vivyo hivyo mbegu zilizoungua miaka 1,000 iliyopita huelea juu ya maji, zikakusanywa na kutambuliwa. Chavua, yaani ule unga wa maua, hutafutwa kwa darubini. Unga wa ua la mhindi ni mkubwa kuliko ule wa majani mengi ya jamaa yake, na ukikutwa katika tope la mfereji, twajua kwamba mahindi yalipandwa karibu.

Mwanafunzi hufundishwa jambo moja kabla ya yote: andika. Shimo likisha kuchimbwa haliwezi kuchimbwa mara ya pili. Ardhi ni kama kitabu ambacho kila ukurasa huchanika unaposomwa. Mchimbaji asiyeandika kina, rangi na mahali pa kila kitu, huyo anafanya kazi ileile aliyoifanya Diego de Landa, ingawa hakukusudia.

Na walimu wa wanafunzi hao si maprofesa peke yao. Wenyeji walioajiriwa kufyeka na kuchimba, wengi wao wakulima, huujua mti kwa harufu ya gome lake. Hujua udongo upi utameza maji na upi utapasuka. Mara nyingi mwanafunzi wa chuo kikuu amesimama na daftari lake, na mkulima ambaye hakusoma shule nyingi ndiye aliyemwambia kilichokuwa mbele ya macho yake.

KIJIJI KILICHOFUNIKWA NA MAJIVU

Sasa nitawaeleza habari za kijiji kimoja katika nchi ya El Salvador, pembezoni mwa nchi ya Wamaya. Jina lake ni Joya de Cerén. Mwaka 1976 tingatinga lilikuwa likisawazisha mahali pa kujenga maghala ya nafaka, likakata ukuta wa nyumba ya udongo. Mwaka 1978 Payson Sheets, wa Chuo Kikuu cha Colorado, alifika kutazama. Nyumba ilionekana kama ya juzi, lakini mabaki ya nyasi za paa yalipopimwa, yalikuwa na miaka yapata 1,400. Volkeno ya karibu ililipuka katika karne ya 7, ikakifunika kijiji kwa meta kadhaa za majivu. Hakuna maiti za wanakijiji zilizopatikana, na yaelekea walikimbia. Waliacha vyungu, mbegu ghalani, na bata aliyefungwa kamba.

Na mashamba yalibaki! Majivu laini yaliizunguka mimea ikiwa imesimama. Mimea ikaoza, na mahali pake pakabaki uwazi wenye umbo lilelile. Wachimbaji walimimina ndani ya uwazi huo plasta nyeupe kama itumiwayo na waganga wa meno. Ilipokauka, majivu yakaondolewa, na tazama, mhindi umesimama juu ya tuta lake. Mahindi yaliyokomaa yalikuwa yamekunjwa bua ili yakaukie shambani, desturi ambayo wakulima wa nchi hiyo hawajaiacha.

Mwaka 2007 Sheets na wanafunzi wake walichimba mashimo kusini mwa kijiji. Walikuta matuta makubwa kuliko ya mahindi, na ndani yake nafasi nene zilizolala. Walipomimina plasta, ukatoka muhogo. Lilikuwa jambo kubwa. Wataalamu walikuwa wamebishana miaka mingi kama Wamaya walilima muhogo kwa wingi, kwa sababu mzizi huo hauachi kokwa wala gunzi. Hapa palikuwa na shamba zima, lililovunwa muda mfupi kabla ya volkeno kulipuka, na vipande vya miti yake vilikuwa vimekwisha kulazwa matutani kwa mazao mengine. Mkulima yule alikimbia akiwa tayari amepanda kwa ajili ya mwaka ujao.

YALIYOONEKANA KUTOKA ANGANI

Katika karne hii ya 21 imepatikana njia ya kurusha miali ya leza kutoka ndegeni. Miali mingine hupenya katikati ya majani na kufika ardhini, na umbo la ardhi huonekana kana kwamba msitu umeondolewa. Mwaka 2009 zilipimwa kilometa za mraba 200 za Caracol, na mashamba ya ngazi yakaonekana vilima kwa vilima. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za kilometa za mraba 2,144 katika kaskazini ya Guatemala. Yalihesabiwa majengo zaidi ya 60,000, pamoja na mashamba mengi ya ngazi na mifereji. Watafiti hao walikadiria kwamba Wamaya wa nchi tambarare walikuwa kati ya milioni 7 na milioni 11. Safari hii wanafunzi na walimu walikwenda kwa miguu kuhakikisha sehemu ya yale waliyoyaona.

KWA NINI MIJI ILIACHWA?

Kati ya mwaka 800 na 900 miji mingi ya kusini iliachwa. Jiwe la mwisho la Tikal lenye tarehe ni la mwaka 869. Zamani ilisemwa kwa urahisi kwamba wakulima waliichosha ardhi. Leo jibu ni refu zaidi. Mwaka 1995 tope la chini ya ziwa Chichancanab, katika Yucatán, lilionyesha kwamba miaka ile ilikuwa ya ukame mkubwa. Vita kati ya wafalme vilizidi. Misitu mingi ilikuwa imekwisha kukatwa. Wakulima waliokuwa wakiwalisha wafalme walihama, wakaenda mahali penye maji. Wafalme ndio walioshindwa kwenda nao.

Walioondoka walichukua mbegu. Ndiyo sababu wajukuu wao wangali wanalima mahindi, na ndiyo sababu mbegu hizo zilikuwapo siku zile meli za Ulaya zilipofika.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mkulima wa Kimaya hakujua ila kufyeka na kuchoma, na waliosema hivyo walikuwa watu waliosoma sana. Aliyewasahihisha ni udongo, uliochimbwa na vijana wenye mwiko na daftari, wakisaidiwa na wakulima wenyeji. Katika wiki hii, mwendeeni mzee mmoja anayejua kulima, mwulizeni habari za shamba lake, na mwandike majibu yake kwa mkono wenu wenyewe. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini maandishi ya mawe hayakutosha kutueleza habari za kilimo cha Wamaya?
2. Eleza kosa lililokuwamo katika hoja ya wataalamu wa zamani.
3. Mfereji na tuta vinasaidiaje kulima kinamasi? Je, pana mahali pa namna hiyo karibu nanyi?
4. Kwa nini muhogo ni mgumu kugunduliwa na wachimbaji kuliko mahindi?
5. Kama kijiji chenu kingefunikwa na majivu leo, mchimbaji wa baadaye angejua nini juu ya kilimo chenu, na angekosa kujua nini?